Anza na Kisima, Si na Modeli: Hotuba kwa Vijana Wanaotaka Kuingia Kwenye Sayansi ya Data

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho na vijana waliohitimu ambao bado wanatafuta kazi. Tunaiweka hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizooneshwa ukutani hazimo.

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu na wazazi mliosindikiza watoto wenu, shikamooni. Na nyinyi vijana, wenye mkutano wenu, hamjambo?

Nimesoma vikaratasi vya maswali mlivyoandika pale mlangoni. Wengi mmeuliza nisome kozi gani. Wengi mmeuliza cheti kipi kinathaminiwa na waajiri. Kuna walioniuliza waanze na modeli gani, yaani programu inayojifunza kutokana na data ili itabiri jibu. Ni maswali ya haki kabisa, maana ada ni pesa na muda ni pesa. Lakini hakuna hata kikaratasi kimoja kilichouliza: nianze na data gani?

Hilo ndilo swali ninalotaka mtoke nalo hapa. Kazi hii haipatikani kwa kurundika vyeti. Inapatikana kwa kuchukua data moja halisi, iliyo chafu, inayohusu mahali unapopajua, na kuifikisha mwisho. Moja tu. Lakini uifikishe mwisho.

Na kwa kuwa maneno matupu hayamfundishi mtu, tuchukue data yenyewe. Wizara ya Maji ya Tanzania pamoja na mradi wa Taarifa walikusanya habari za vituo vya kuchotea maji nchini: visima, pampu za mkono, magati ya bomba. Data hiyo imewekwa wazi na jukwaa la DrivenData kama shindano la kujifunzia, na mtu yeyote anaweza kuipakua bure. Ina mistari 59,400 ya mafunzo, yaani ya kuifundishia modeli, na kila mstari ni kituo kimoja. Swali lake ni hili: kituo kinafanya kazi, kinafanya kazi lakini kinahitaji matengenezo, au kimekufa? Vinavyofanya kazi ni 32,259. Vilivyokufa ni 22,824. Vinavyohitaji matengenezo ni 4,317. Faili ni dogo, kompyuta ya mtumba yenye RAM ya gigabaiti 4 inalifungua bila shida, na usiyekuwa na kompyuta nzuri unaweza kutumia Google Colab, huduma ya kuendesha programu mtandaoni, ukiwa kwenye maabara ya chuo.

Sasa, kijana aliyetoka kwenye kozi ya wiki sita anafanya nini akipewa faili hili? Anakimbilia modeli. Anaandika mistari mitano ya Python, ile lugha ya kuandikia programu, anapata asilimia fulani, anapiga picha skrini, anaweka LinkedIn. Ndugu zangu, huyo bado hajaanza kazi.

Aliyeanza kazi analiangalia faili kwanza. Anaomba wastani wa safu ya mwaka wa ujenzi, na jibu linakuja: 1300. Mwaka 1300! Ibn Battuta alikuwa bado hajafika Kilwa. Kwa nini imetokea hivyo? Kwa sababu vituo 20,709, zaidi ya theluthi nzima, vimeandikiwa mwaka sifuri. Aliyejaza hakuujua mwaka, akaweka sifuri, na kompyuta haijui tofauti kati ya sifuri na "sijui". Ukiziacha sifuri zile, modeli yako itaamini kuna visima vyenye umri wa miaka elfu mbili.

Endelea. Weka vituo kwenye ramani. Tanzania iko kati ya longitudo 29 na 41 hivi, lakini vituo 1,812 vina longitudo sifuri. Vyote vimeandikwa kuwa vya Shinyanga na Mwanza, ila kwenye ramani vimeangukia Bahari ya Atlantiki, kwenye Ghuba ya Guinea. Utafanya nini? Unaweza kuvifuta, lakini ukivifuta umewafuta watu wa mikoa miwili kwenye hesabu yako. Afadhali uchukue wastani wa eneo wa vituo vingine vya wilaya ile ile au kata ile ile, kisha uongeze safu moja ya pembeni inayosema "eneo hili limekadiriwa". Andika uamuzi huo. Andika na sababu yake. Miezi mitatu baadaye mtu atakuuliza, na wewe mwenyewe utakuwa umesahau.

Kuna safu nyingine inaitwa amount_tsh. Nani hapa angesema hizo ni shilingi za Tanzania? Naona mikono mingi. Maelezo ya data yanasema ni "total static head", kiasi cha maji yanayopatikana kwenye kituo, hakihusiani na fedha hata kidogo. Na takribani asilimia 70 ya thamani zake ni sifuri. Mtu anaweza kuandika ripoti nzima kuhusu gharama za visima kwa kutumia safu hiyo. Karatasi ya maelezo ya safu isomwe kabla ya kila kitu. Isomwe yote, hata kama inachosha.

Kisha majina. Safu ya aliyejenga kituo ina majina zaidi ya 2,000. Je, Tanzania ina wajenzi wa visima 2,000? Mengi ni jina lile lile lililoandikwa kwa namna tofauti: "Government", "Gover", "Central government", "Hesawa" kwa herufi ndogo, tena "HESAWA" kwa herufi kubwa. Hapo huhitaji akili bandia. Geuza herufi zote kuwa ndogo, ondoa nafasi za ziada, panga majina kwa wingi wake, chukua yale hamsini ya juu na uyasawazishe kwa mkono, mengine yote uyaite "wengineyo". Ni kazi ya saa mbili au tatu, na inachosha, na ndiyo kazi yenyewe.

Halafu utakuta safu mbili zinazosema jambo moja: ile ya wingi wa maji na ile ya kundi la wingi wa maji zina thamani zile zile mstari kwa mstari. Utakuta safu ya kampuni iliyorekodi ambayo ina jina moja tu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Toa moja ya zile pacha, toa na hiyo yenye jina moja, haikufundishi kitu.

Nimekaa sana hapa kwa makusudi. Data za kwetu zina magonjwa yake, na ukiyajua mapema umewatangulia wenzako wengi. Namba za simu: moja imeanza na 0, nyingine 255, nyingine +255, na nyingine Excel imeila ile sifuri ya mbele zikabaki tarakimu tisa. Dawa yake ni kuchukua tarakimu tisa za mwisho na kuweka 255 mbele, zote zilingane. Tarehe: 03/04 ni tarehe tatu Aprili, au tarehe nne Machi? Tafuta kwenye safu hiyo tarehe ambayo namba yake ya kwanza inazidi 12, itakupa jibu. Majina ya watu: Mohamed, Muhammad, Mohamedi, mtu mmoja, dodoso tatu. Na saa, ndugu zangu! Mama anamwambia mdodosaji kwamba huenda kuteka maji saa mbili asubuhi. Mdodosaji anaandika 2. Kompyuta inasoma saa nane usiku. Mtaalamu wa nje akiona grafu hiyo atasema wanawake wa kijiji hiki wanateka maji usiku wa manane, na anaweza hata kupendekeza mradi wa taa. Wewe uliyekulia hapa unajua palipoharibika. Ujuzi huo hauuzwi kwenye kozi yoyote, na wewe tayari unao.

Tumeelewana mpaka hapo? Basi tuje kwenye zana.

Anza na SQL. Narudia: anza na SQL. Data za benki, za kampuni za simu, za hospitali, za maduka makubwa zinakaa kwenye kanzidata, na SQL ndiyo lugha ya kuziitisha. Asiyeijua atabaki kumsubiri mwenzake amtolee faili. Miezi miwili ya saa kumi kwa wiki inatosha kukufikisha kwenye kuchagua, kuchuja, kupanga kwa makundi na kuunganisha majedwali.

Hapo kwenye kuunganisha ndipo wengi huangukia. Chukua kampuni inayokopesha kwa simu. Ina jedwali la wateja, la mikopo na la malipo. Mteja mmoja ana mikopo miwili, kila mmoja shilingi 50,000. Amelipa mara tatu, kila mara shilingi 10,000. Ukiyaunganisha majedwali yote matatu kwa namba ya mteja peke yake, kila mkopo utakutana na kila malipo, na mteja huyo mmoja atakuwa na mistari sita. Ukijumlisha, mikopo ya 100,000 inakuwa 300,000, na malipo ya 30,000 yanakuwa 60,000. Hakuna ujumbe wa kosa unaotokea. Namba inatoka safi, inaingia kwenye ripoti, ripoti inaingia kwenye kikao cha wakurugenzi. Kinga yake ni rahisi: jumlisha kila jedwali peke yake kwanza, mteja mmoja mstari mmoja, ndipo uunganishe. Na kila unapounganisha, hesabu mistari kabla na baada. Ikiongezeka bila sababu unayoijua, simama.

Baada ya SQL ndipo ije Python, na ndani yake maktaba ya pandas kwa kusafisha data. Tenga miezi mitatu. Kisha takwimu: wastani na namba ya katikati, na kwa nini mishahara isomwe kwa namba ya katikati; mtawanyiko; sampuli na makosa yake; tofauti ya vitu kwenda pamoja na kimoja kusababisha kingine. Wengi mnaikimbia takwimu, na najua kwa nini, ilifundishwa vibaya. Irudieni mkiwa na data ya visima mkononi, itaingia. Modeli zije mwishoni. Kwa kuanzia zinakutosha mbili: regresheni ya logisti, inayokadiria uwezekano wa jibu, na msitu wa miti ya maamuzi, yaani miti mingi ya maswali inayopigia jibu kura; zote zimo kwenye scikit-learn, maktaba nyingine ya Python. Hesabu miezi tisa mpaka kumi na miwili kwa mtu mwenye masomo au kazi nyingine. Anayewaambia wiki sita anauza kitu.

Sasa niwaambie kuhusu kupima modeli, maana hapa ndipo mtu hujidanganya mwenyewe bila kujua.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere pamoja na wataalamu wa mazao wa Uganda walikusanya picha za majani ya mihogo, nyingi zikiwa zimepigwa na wakulima wenyewe mashambani. Ziliwekwa kwenye Kaggle, jukwaa la mashindano ya data, mwaka 2020, zipatazo 21,400, zikiwa zimegawanywa makundi matano: batobato, michirizi kahawia, madoa ya kijani, ugonjwa wa bakteria, na majani mazima. Sikilizeni namba hii. Picha za batobato peke yake ni zaidi ya 13,000. Maana yake, programu isiyotazama picha kabisa, inayojibu "batobato" kila inapoulizwa, inapatia asilimia 61. Asilimia 61 bila kuangalia chochote!

Kwa hiyo kijana akija kwangu na furaha kwamba modeli yake imepata asilimia 65, namuuliza: asiyejua kitu angepata ngapi? Kwenye visima vile, anayejibu "kinafanya kazi" kwa kila kituo anapata asilimia 54. Hiyo ndiyo sakafu yako. Ihesabu kabla hujafundisha modeli yoyote. Baada ya hapo jaribu kanuni moja ya kawaida ya binadamu: kituo kilichoandikwa kuwa kikavu, sema kimekufa. Utaona karibu vyote vilivyo vikavu kweli vimekufa. Msitu wa miti ya maamuzi utakupandisha mpaka asilimia 80 hivi, na hapo waliobobea huhangaika miezi kuongeza pointi mbili.

Lakini swali kubwa zaidi ni hili: unakosea wapi? Kundi ambalo modeli za visima hulikosa zaidi ni lile la 4,317, vinavyohitaji matengenezo. Ni wachache, wanafanana na wazima, modeli inawapita. Na hao ndio fundi wa wilaya anaowatafuta! Pampu inayohitaji kubadilishwa kifaa kimoja leo ikiachwa hadi ife, kijiji kizima kinarudi mtoni. Kwenye mihogo vilevile: michirizi kahawia inaweza kuozesha mizizi huku majani yakionekana karibu mazima, na mkulima anakuja kujua siku ya kuvuna. Modeli yenye asilimia ya juu inayoshindwa kuukamata ugonjwa huo haimsaidii. Kwa hiyo usitoe asilimia moja ukanyamaza. Toa jedwali la makosa: kati ya vituo vyote vinavyohitaji matengenezo, umevipata vingapi? Kati ya ulivyovitaja, vingapi ni kweli?

Kuna kujidanganya kwa aina mbili nyingine. Ya kwanza ni modeli kuona majibu kabla ya mtihani. Turudi kwa ile kampuni ya mikopo. Unataka kutabiri nani hatalipa, na kwenye jedwali kuna safu ya idadi ya simu alizopigiwa mteja kukumbushwa deni. Ukiiweka, modeli itang'ara kupita kiasi. Bila shaka itang'ara, maana anayepigiwa ni yule ambaye tayari amechelewa! Siku ya kuamua kumkopesha au la, safu hiyo ni tupu kwa kila mtu. Kwa kila safu jiulize: siku ya uamuzi, taarifa hii nitakuwa nayo? Matokeo yakiwa mazuri mno, usishangilie, itafute safu hiyo.

Ya pili ni namna ya kugawa data ya mafunzo na ya mtihani. Ukichanganya visima vyote na kuchota kwa bahati nasibu, kisima cha mtihani kitakuwa mita mia mbili kutoka kisima cha mafunzo, kijiji kimoja, mjenzi mmoja, mwaka mmoja. Ni mtihani wa kuchungulia kwa jirani. Gawa kwa wilaya: fundisha kwa wilaya hizi, pima kwa zile ambazo modeli haijawahi kuziona. Kwenye mikopo gawa kwa wakati: fundisha kwa Januari hadi Septemba, pima kwa Oktoba hadi Desemba. Asilimia itashuka. Acha ishuke, hiyo ndiyo ya kweli.

Haya, ajira. Najua mmeisubiri hii.

Matangazo ya "mwanasayansi wa data" kwa mtu asiye na uzoefu ni machache. Msiyasubiri hayo tu. Mlango wa kuingilia kwetu mara nyingi una jina lingine: mchambuzi wa data, ofisa wa ufuatiliaji na tathmini kwenye mashirika, ofisa taarifa hospitalini, msaidizi wa ripoti benki. Wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zinatumia mfumo wa DHIS2 kukusanyia takwimu za afya; mashirika mengi yanakusanya madodoso kwa KoboToolbox. Zote mbili unaweza kujifunza bure. Mtu anayeweza kutengeneza dodoso la Kobo linalokataa umri wa miaka 350, akasafisha majibu kwa Python na kutoa ripoti ya kurasa mbili inayosomeka, huyo anatakiwa. Ukishaingia, data za ofisi hiyo ndizo zitakazokupandisha.

Kwenye wasifu wako usiandike orodha ya zana kumi na tano. Andika kazi mbili au tatu ulizozimaliza, kila moja kwa sentensi mbili: swali lilikuwa nini, ulikuta nini. Weka kiungo cha GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kuonesha kazi za programu, na ndani yake ukurasa wa maelezo ambao hata mama yako mkubwa angeufuata: data imetoka wapi, ina mapungufu gani, uliamua nini kuhusu sifuri, matokeo, na mahali ambapo modeli isitumike. Kwa visima, kwa mfano, ni lazima useme kwamba data iliishia 2013, kwa hiyo haisemi chochote kuhusu hali ya leo. Msaili akisoma sentensi hiyo anajua anaongea na mtu mzima kazini. Kwenye usaili mtapewa jaribio, mara nyingi la SQL au la Excel, na baada yake mtaulizwa kwa nini mlifanya mlivyofanya. Jizoezeni kueleza kwa Kiswahili. Waamuzi wengi kwenye halmashauri na vyama vya ushirika wanajadili kwa Kiswahili, na ukishindwa kumweleza mwenyekiti wa ushirika maana ya namba yako, namba hiyo haitatumika.

Wanaotaka data nyingine: Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania imetoa matokeo ya sensa ya 2022, ile iliyofanywa kwa vishikwambi na kuhesabu watu 61,741,120, na Kenya ina ya 2019 yenye watu 47,564,296. Jukwaa la Zindi lina mashindano yenye data za Kiafrika. Mashindano ni mazuri kwa mazoezi, ila huko mtu mwingine ameshakuchagulia swali, na kazini kuchagua swali ndiyo nusu ya kazi.

Na jambo la mwisho, halina mjadala. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina yake ya 2019. Usichukue faili la wagonjwa wa mahali ulipofanyia mafunzo kwa vitendo ukaliweka GitHub. Kufuta safu ya majina hakutoshi: kata, umri, jinsia na ugonjwa adimu vinatosha kumtambulisha mtu mmoja kijijini, na akishatambuliwa hurudishi nyuma. Usipokuwa na kibali cha maandishi, tumia data ya wazi kama hii ya visima.

Faili lenyewe lipo kwenye kompyuta hii hapa mbele. Wenye maswali kuhusu zile sifuri waanze, tulifungue pamoja. Dada uliyenyoosha mkono tangu mwanzo, karibu.